Ukurasa wa Kwanza wa Albamu Yangu

Hatimaye nimeanza albamu ya kumbukumbu. Miaka yote hii picha za karibuni zimelala kwenye simu, na zile za zamani zimo ndani ya bahasha, zimechanganyika na tiketi za safari, kadi na barua ambazo sikuwa na moyo wa kuzitupa. Sikutaka kuanzia nilipozaliwa hadi leo. Kazi ya namna hiyo humlemea mtu kabla hajashika mkasi. Nimechagua picha tatu za bibi, basi.

Ya kwanza anacheka, na nyuma yake amesimama kijana nisiyemjua. Nikampigia shangazi. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, akaniambia yule ni mdogo wake bibi, aliyekuwa akimchekesha makusudi ili asipigwe picha akiwa amenuna. Maneno hayo nimeyaandika kando ya picha kama shangazi alivyoyasema, kwa mwandiko wangu. Kwangu hiki ndicho kiini cha albamu. Maua ya karatasi na utepe hupendeza, lakini hakuna ua litakalomweleza mjukuu yule kijana ni nani. Shangazi analijua hilo leo, na hakuna mwingine niliyebaki naye wa kumuuliza.

Ndiyo maana nimekuwa makini sana na vifaa. Karatasi ya bei rahisi hutengenezwa kwa rojo ya mti yenye lignini, kitu cha asili kinachoshikamanisha nyuzi za mti, ambayo baada ya muda huifanya karatasi kuwa ya njano na kuvunjika, na asidi yake huhamia kwenye picha iliyo jirani. Gazeti ni hivyohivyo. Kwa hiyo natumia karatasi isiyo na asidi, na kipande cha gazeti nakitoa nakala kwanza. Risiti nyingi nazo huchapwa kwa joto na maandishi yake hufifia, kwa hiyo nazitoa nakala pia. Mifuko ya plastiki ya kuhifadhia picha isiwe ya aina ya plastiki iitwayo PVC, bali ya polipropilini au poliesta.

Kuhusu gundi, mwandishi Mmarekani Mark Twain alipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, mwaka 1873 ya albamu ambayo kurasa zake zilipakwa gundi tayari, mtu akazilowesha tu na kubandika. Wazo zuri kwa vipande vya magazeti. Kwa picha ya pekee isiyo na nakala, mimi sitaki gundi kabisa, na selotepu hata kuiona sitaki, kwani hugeuka njano na kuacha doa. Natumia kona za karatasi: picha inashikwa pembeni, na siku yoyote inatoka ikiwa nzima. Zile albamu za zamani zenye kurasa za kunata chini ya plastiki zimeng'ang'ania picha nyingi za familia yetu, na kuzibandua kunahitaji subira kubwa.

Mpangilio haujanisumbua. Picha kubwa moja, mbili ndogo pembeni, na nafasi ya kutosha ya maandishi. Nafasi hiyo naiacha kwanza, kabla ya kubandika chochote.

Jumapili nampigia shangazi tena. Nataka anisimulie ile picha ya pili, ambayo bibi ameshika barua, na nimuulize kama anajua ilitoka kwa nani.