Umezaliwa Mkoani, mkoa gani?

"Dada, mahali pa kuzaliwa?"

"Mkoani."

"Mkoa gani?"

"Mkoani."

Kijana akaweka kalamu chini. Wa Bara huyu, na kwake "mkoani" ni popote nje ya Dar. Nikamweleza taratibu: Mkoani ni mji, una bandari, uko Wilaya ya Mkoani, Mkoa wa Kusini Pemba. Nyuma yangu foleni ikaanza kuguna.

Nchi yetu ina majina mengi, na lile rasmi kuliko yote, Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, sijawahi kulisikia kwenye daladala. Hata lenyewe lilichelewa. Tulipoungana tarehe 26 Aprili 1964 tuliitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Hili la Tanzania lilikuja Oktoba mwaka huohuo. Zanzibar ikabaki na jina lake na serikali yake, SMZ. Tanganyika ikageuka Tanzania Bara, na leo ukitaka kuikuta kwa jina lake utaitafuta kwenye ziwa, kwenye wilaya moja kule Katavi, au kwa mawakili, ambao chama chao hawakukibadilisha. Hata 9 Desemba, siku Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, mabango mengi niliyokua nikiyaona yaliandikwa "Uhuru wa Tanzania Bara". Huwa nacheka peke yangu. Mwaka 1961 hiyo Tanzania ilikuwa wapi?

Sisi wa visiwani tunasema Bara tu, basi. Mama yangu nikimpigia kutoka Dodoma, Bara. Mwanza, Bara. Kwake yeye Bara inaanzia pale boti inapotia nanga Dar na haina mwisho. Vijana wa huku Bara nao wanasema Bongo. Zamani Bongo ilikuwa Dar peke yake, mji usiokalika bila kutumia ubongo. Siku hizi ni nchi nzima, hasa kwa aliye ughaibuni.

Na wa Bara wana majina yao juu yetu. Mtaani kwangu kuna duka linaitwa "kwa Mpemba". Mwenye duka ni wa Makunduchi, Unguja kusini kabisa, Pemba hajafika hata siku moja. Mwanzoni alikuwa anabisha. Sasa anaitika. Mimi Mpemba wa kweli nikienda kununua mchele ananiambia kwa sauti ya chini, "Jina lako hili, dada, lichukue."

Tuirudie foleni. Yule kijana alinisikiliza hadi mwisho, akashika kalamu, akaandika neno moja: Zanzibar. Akaita anayefuata.

Jioni nikamsimulia mama. Akanyamaza kidogo kwenye simu.

"Zanzibar ndiyo wapi, mwanangu? Unguja au Pemba?"