Mwamba Unaowaka na Mtungi Ulioisha

Jana usiku mtungi wa gesi uliniishia maharage yakiwa hayajaiva. Nilihamishia sufuria kwenye jiko la mkaa uani, na nilipokuwa nikipepea, mawazo yalinipeleka Yanartaş, kusini magharibi mwa Uturuki, mahali ambapo mwamba wenyewe ndio jiko.

Kwa Kituruki jina hilo ni jiwe linalowaka. Katika mteremko ulio juu ya kijiji cha Çıralı, karibu na Bahari ya Mediterania, ndimi za moto hutoka kwenye nyufa za mawe matupu usiku na mchana, na waandishi wa Kirumi walikwisha kuutaja moto huo karibu miaka 2,000 iliyopita. Kinachoungua hasa ni methani, pamoja na haidrojeni kidogo. Methani tuliyoizoea hutokana na mabaki ya viumbe yaliyofukiwa chini ya matope na kuivishwa na joto la ardhi kwa mamilioni ya miaka; lakini sehemu ya gesi ya Yanartaş haidai asili yoyote ya uhai, kwani maji yanapokutana na miamba iliyowahi kuwa chini ya sakafu ya bahari ya kale huzaa haidrojeni, nayo haidrojeni ikiungana na kaboni huwa methani. Jambo hili hunishangaza kuliko moto wenyewe.

Sisi wa Dodoma tumezungukwa na vilima vya matale, mawe yaliyopoa kutoka katika uji wa moto, ambamo hakuna jani wala mdudu aliyefukiwa ili aje kuwa gesi. Gesi ya nchi yetu ilipatikana kwenye miamba ya mashapo ya pwani, yaani matope na mchanga uliogandamana kuwa mawe, kama ile ya Songo Songo iliyogunduliwa mwaka 1974. (Ya mtungi wangu ni nyingine kabisa: ni propani na butani, na imekuja kwa meli.)

Moto wa namna hiyo huitwa wa milele, ingawa nao hula na unaweza kunyimwa chakula. Katika hekalu la Ateshgah, karibu na Baku nchini Azerbaijan, mahujaji waliabudu mbele ya miali iliyotoka ardhini, hadi uchimbaji wa mafuta na gesi wa jirani ulipopunguza akiba ya chini na moto ukazimika mwaka 1969. Unaowaka hapo leo huletewa gesi kwa bomba, na nakiri kwamba nilipolisoma hilo nilihisi kama nimedanganywa.

Marehemu bibi yangu, kule Mpwapwa, hakununua kiberiti mara kwa mara. Kila usiku alifukia kaa majivuni katikati ya mafiga, na alfajiri alilipuliza likawaka. Jana, maharage yalipoiva saa tano kasoro, nilijaribu kufanya vivyo hivyo. Asubuhi nimekuta majivu matupu, yamepoa kabisa. Sikuwahi kumwuliza bibi alichagua kaa la mti gani.