Siku tulipopima mafuta ya karafuu na mchaichai

Mafuta yaliletwa maabara na mama mmoja muuza dawa za asili wa upande wa Kirumba, hapa Mwanza: chupa ndogo mbili za kahawia, moja ya karafuu na nyingine ya mchaichai. Wateja wake wanawake walimlilia muwasho na uchafu mweupe ukeni, mzito kama maziwa yaliyoganda. Alitaka kujua kama mafuta yake yanaua fangasi kweli.

Kabla ya lolote tulidondosha tone la kila aina kwenye bilauri ya maji. La karafuu likazama, la mchaichai likaelea, kama inavyotakiwa. Yujenoli (eugenol), iliyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, ni nzito kuliko maji. Karafuu inayoelea ni ya kutiliwa shaka.

Candida albicans, fangasi anayeleta muwasho wa aina hiyo, tulikuwa tumeiotesha kwenye agari ya Sabouraud, yaani jeli ya kuoteshea fangasi. Tulichota koloni chache, tukazikoroga kwenye salaini hadi weupe wake ukalingana na McFarland 0.5, kipimo cha kulinganishia wingi wa vimelea kwenye maji, kisha tukaipaka sahani yote kwa kijiti cha pamba mara tatu, tukiizungusha kila mara. Hapa watu huharakisha. Vimelea vikizidi, duara linalobaki wazi kuzunguka diski hupungua, na mafuta mazuri yakaonekana dhaifu.

Kila diski ya karatasi, upana milimita 6, ilitiwa maikrolita 10 za mafuta. Diski ya flukonazoli, dawa ya fangasi ya hospitali, ya maikrogramu 25 iliwekwa kwenye sahani yake yenyewe, kwa sababu ya mvuke. Sitrali, kiambato kikuu cha mafuta ya mchaichai, huruka ndani ya sahani iliyofunikwa na kuua fangasi hata mbali na diski yake. Dawa iliyo jirani ikapewa sifa isiyo yake.

Nyuzi 35, saa 24. Karafuu ilitoa duara safi lenye ukingo mkali. Sahani ya mchaichai ilikuwa karibu tupu, na harufu ikatupiga mara tulipofunua.

“Sasa mwanangu, si niwaambie wapake tu?”

“Hapana, mama. Yakiwa hivi yalivyo yatawaunguza.”

Agari haina ngozi. Mafuta haya hubomoa utando wa seli, na seli laini za ukeni nazo zina utando. Tena ukubwa wa duara haupimi nguvu, maana mafuta hayapenyi vizuri kwenye agari yenye maji. Kipimo cha maana ni kuyachanganya na Tween 80 kidogo, kemikali inayoyafanya yachanganyike na maji, kuanzia asilimia 2, na kuyapunguza nusu kwa nusu kwenye mirija yenye fangasi. Mrija mmoja uwe na fangasi na Tween pekee, bila mafuta, wa kulinganishia. Mirija iliyobaki angavu, isiyo na weupe wa fangasi, huoteshwa upya kwenye sahani safi. Fangasi wakirudi, mafuta yaliwazuia tu, hayakuwaua.

Tulimwomba awapeleke wateja wake kituo cha afya wapimwe kwanza, kwa kuwa si kila uchafu ni fangasi. Wakiwa nao, klotrimazoli ya kuweka ukeni, miligramu 500 mara moja, kwa kawaida hutosha. Mjamzito asimeze flukonazoli bila daktari, na anayerudiwa mara kwa mara apimwe sukari na VVU.