Kumbukumbu ya mradi: bango la Monaco 1936 linapandishwa kitambaa

Bango lililo mezani ni la mbio za magari za Grand Prix ya Monaco ya 13 Aprili 1936, kazi ya Géo Ham, jina la kisanii la Georges Hamel. Ukaguzi na usafishaji vimekwisha. Sasa ni zamu ya kitambaa, yaani kulibandika bango mgongoni mwake ili lishikwe.

Kuhusu uhalisi: mabango ya Monaco ya miaka ya 1930 yalichapwa kwa lithografia (uchapaji wa picha iliyochorwa juu ya jiwe au bati), kwenye karatasi ya takriban sm 80 kwa 120. Chini ya lenzi ya mara 10, wino huonekana kama chembe zisizo na mpangilio, kwa sababu zinatokana na uso wenye ukwaru wa jiwe au bati. Vitone vilivyojipanga safu safu ni dalili ya nakala ya ofseti (uchapaji wa mashine unaogawa picha kuwa vitone). Usitumie kipimo hicho kwa mabango ya miaka ya 1960, maana mengi yaliyo halali yalichapwa kwa ofseti. Kagua pia tarehe: mbio za 1934, 1935 na 1936 zote ziliangukia Jumatatu ya Pasaka, ila za 1937 zilikuwa 8 Agosti.

Kabla ya maji kugusa karatasi, kila rangi hujaribiwa pembeni kwa pamba yenye unyevu. Nyekundu ndiyo ya kuogopwa zaidi. Rangi ikihamia kwenye pamba, kazi ya maji inasimama hapo hapo.

Kitambaa ni marekani ya pamba, iliyofuliwa kwa maji ya moto ili itoke dawa ya kiwandani, kisha ikavutwa na kupigwa pini kwenye ubao, ikizidi bango sm 10 kila upande. Juu yake hubandikwa kwanza karatasi nyembamba isiyo na asidi. Usiiruke hatua hii: bila karatasi hiyo, alama za nyuzi za kitambaa hujitokeza usoni mwa bango.

Gundi ni wanga safi wa ngano, si unga. Unga una gluteni, hugeuka manjano na kuita wadudu. Kipimo ni kikombe 1 cha wanga kwa vikombe 5 vya maji, moto mdogo, unakoroga dakika 30 bila kuacha. Ikipoa, ichujwe mara mbili, kisha iongezwe maji mpaka ifanane na maziwa mazito. Buje moja tu likibaki, litaonekana milele kama uvimbe.

Bango hulazwa kifudifudi juu ya plastiki ya polyesta, hunyunyiziwa maji na kuachwa dakika 15 hadi 20 litanuke. Karatasi hutanuka zaidi kwa upande unaokatiza nyuzi zake; ukiipaka gundi mapema, itaendelea kutanuka ikiwa tayari imeshika, na mikunjo haitoki tena. Brashi ya gundi huanzia katikati kwenda pembeni. Bango likishabandikwa, likauke polepole, bila feni: upande unaowahi kukauka huvuta mwenzake, na karatasi hupasuka kwenye mikunjo ya zamani. Kwa hewa ya Mombasa au Dar es Salaam hatari ya pili ni ukungu, kwa hiyo unyevu wa chumba uwe kati ya asilimia 45 na 55.

Bango hili lilichapwa kabla ya mbio, hivyo halikujua kitakachotokea. Siku yenyewe mvua ilinyesha, Alfa Romeo ya Mario Tadini ikamwaga mafuta karibu na kona ya bandarini, na kwenye mzunguko wa pili magari kadhaa yakagongana hapo, yakiwemo ya madereva Chiron na Farina. Rudolf Caracciola, bingwa wa barabara iliyoloa, alishinda kwa Mercedes mizunguko 100 ya kilomita 3.18, akifuatwa na magari ya Auto Union ya Varzi na Stuck. Kwetu hapo ndipo utamu wa bango ulipo: ni matarajio ya watu wa Aprili ile, yaliyohifadhiwa kabla mvua haijayafuta.

Kilichobaki ni kujaza rangi kwenye mikunjo, kwa rangi za maji, pale tu wino ulipopotea. Wino wa asili hauguswi. Kisha fremu yenye akriliki ya kuzuia miale ya urujuanimno, na nafasi ya mm 3 kati yake na karatasi. Kubandika kwa joto hakutumiki, maana gundi yake haitoki bila kuchana bango.