Trekta liko Dakawa, mimi niko Gerezani

Watu wakisikia nauza vipuri vya trekta Dar es Salaam, hucheka kwanza. "Nani analima Kariakoo?" Hakuna. Ila trekta likigoma Dakawa, Kilosa au Ifakara, huko Morogoro, simu inalia kwenye kaunta yangu ya Gerezani, jirani na Kariakoo.

Saa 12 asubuhi. Daladala ya Mbagala, nimesimama kwa mguu mmoja, simu ishapokea picha saba. Zamani mkulima alikuja na kipuri kibovu ndani ya kiroba, kimelowa oili, tunakilinganisha na kipya. Siku hizi inakuja picha ya WhatsApp, giza tupu, chini imeandikwa: "Dada hii bei gani?"

Saa 1 na nusu. Nafungua. Babu ameshakaa kibarazani na kahawa yake. Shikamoo, marahaba, umechelewa. Yeye alianza hapa na majembe ya mkono na plau za maksai. Baba akaingiza spea za Massey Ferguson. Ilipokuja kampeni ya serikali ya Kilimo Kwanza mwaka 2009, nchi ikajaa pawatila, vile vitrekta vya kutembea nyuma yake, na baba akajaza stoo mikanda yake. Mingine inaning'inia juu ya mlango hadi leo, imekauka. Mimi nimeongeza pampu za sola na visu vya kombaini, mashine za kuvunia mpunga. Babu hazipendi pampu za sola. Anasema mashine isiyonuka dizeli huwezi kujua inaumwa nini.

Saa 2 hadi saa 4. Filta, oili, beringi, risiti, chenji.

Saa 4 na nusu. Anaingia mkulima wa simu. Mnawajua: shamba liko Dakawa, yeye yuko ofisini Posta, katikati ya jiji. Shati limepigwa pasi, jasho la Februari limeshaanza kuliharibu.

"Binti, nipe klachi ya Massey."

"Massey namba ngapi, bosi?"

"Nyekundu."

Zote nyekundu. Namwomba ampigie dereva wake. Anampigia, anamfokea, anakata kabla sijaongea naye. Anampigia tena. Dereva anasema ni 290, ila aliyemuuzia bosi alikuwa amebadilisha vitu vingi, hana uhakika ndani kuna nini. Hilo ndilo tatizo: trekta hizi zimepita mikononi mwa mafundi wengi mno, kibati cha ubavuni kinasema hivi na chuma cha ndani kinasema vile. Kuna pleti za klachi za inchi 11, kuna za inchi 12, na meno ya katikati nayo lazima yalingane. Nikikosea, pleti inarudi kwa basi, kijana wa watu anakaa porini na trekta lililokatwa vipande viwili (klachi haifikiwi bila hivyo), na mvua za masika hazimsubiri mtu.

"Niitie mwenye duka," anasema bosi.

Babu hakugeuka. "Ndiye huyo unayeongea naye."

Picha ya kwanza ikaja: kidole cha dereva. Ya pili: kivuli. Bosi anaangalia saa, anasema maduka ya Shauri Moyo wangempa klachi ndani ya dakika mbili. Nikamwambia wangempa kweli, na kesho angerudi kwangu. (Ulimi huu nimerithi, siombi radhi.) Mtandao ukapotea. Saa 5 ikapita, saa 6 ikaita adhana, wateja wengine watatu wakanung'unika nyuma yake.

Babu ndiye aliyesema: "Tafuteni rula ya mtoto wa shule."

Dereva akakimbia hadi nyumba ya jirani. Tukamsikia anahema. "Dada, imepita thelathini kidogo." Basi ni inchi 12, ya 11 ingeishia kama sentimita 28. Nikamhesabisha meno mara mbili, nikachukua pleti kwenye shelfu bila ngazi.

"Weka na rilizi beringi, bosi, ile inayosukuma klachi ukikanyaga pedeli. Trekta lishakatwa, ukija kulikata tena unalipa fundi mara mbili."

"Mnapenda kuongeza vitu nyie."

Akalipia pleti peke yake, baada ya kuomba punguzo mara nne na kuuliza kama naweza kuandika risiti ya bei ndogo. Siwezi.

Chakula cha mchana sikumbuki kama nilikula. Nakumbuka wali uliopoa na nzi. Mchana wote umeenda hivyo: mzigo kwenye guta, kisha bodaboda hadi Mbezi, tumuwahi kondakta wa basi la Dodoma ambaye ataushusha Dakawa. Tukamuwahi injini ikiwa inaunguruma. Miguu yangu imevimba, mikono inanuka grisi hata nikioshea ndimu. Mwanangu anaijua harufu hiyo kuliko manukato yangu.

Usiku, sijui saa ngapi, nimeshalala nusu. Namba ya Dawaka, hapana, Dakawa, hata macho hayasomi. Ni dereva. Yuko chini ya trekta, anamulika na tochi ya simu.

"Dada, pleti imekaa vizuri. Ila hii rilizi beringi inalia kama kinda la kunguru. Bosi hakununua?"

"Hakununua."

Akanyamaza, nikasikia spana ikianguka.

"Basi kesho basi la kwanza linaondoka saa ngapi?"