Siku Mafundi Walipoipeleka Karakana Ruiru

Mwaka 2013 nilikuwa nikimwekea hesabu shangazi yangu, aliyekuwa na karakana ya kushona sare za shule Industrial Area, Nairobi, katika kichochoro kimoja nyuma ya Enterprise Road. Mwezi Septemba mwenye jengo alituletea barua ya kupandisha kodi. Paa lilikuwa bado linavuja juu ya meza ya kukatia, lakini hilo barua haikuligusa. Shangazi si mtu wa kelele. Aliikunja ile barua, akaitia kwenye droo ya risiti za stima, akaendelea kuhesabu vifungo.

Kwangu barua hiyo ilikuja kama msaada, maana nilikuwa nimeshaanza kuitazama Ruiru, mji ulio nje ya Nairobi kwenye barabara ya Thika. Barabara kuu ya Thika ilikuwa imefunguliwa na Rais Kibaki Novemba 2012, na gumzo lote lilikuwa jinsi ilivyorahisisha kuingia mjini. Mimi nilikuwa natazama upande ule mwingine wa barabara. Saa moja asubuhi magari ya kuingia Nairobi yamebanana kuanzia Muthaiga hadi Pangani, na wakati huohuo matatu zinazotoka mjini kwenda Thika zinapita mbio, viti vingi vitupu, makanga wakimbembeleza abiria kwa nauli ya kutupa. Nikajiuliza kwa nini sisi, ambao hatuna mteja hata mmoja anayekanyaga karakana yetu, tuko upande wa foleni.

Nilipomgusia shangazi, alicheka.

"Ruiru? Mwanangu, Ruiru mimi nimechuma kahawa. Nikiwa msichana, likizo za shule. Unataka nirudi kulekule na cherehani?"

Hakuwa ametia chumvi. Kwa watu wa rika lake Ruiru ni kahawa. Hata ile mbegu maarufu inayostahimili chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa, yaani Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985, ilichukua jina la kituo cha utafiti cha pale. Lakini mashamba yalikuwa yanakatwa ploti mwaka hadi mwaka, na madalali walikuwa wameshatufikia. Mmoja alikuja hadi ofisini na karatasi za rangi: barabara ya Eastern Bypass hii hapa, uwanja wa ndege huku, mji mpya wa Tatu City kule, hewa safi, kaunti changa yenye njaa ya wawekezaji. Shangazi alimsikiliza kwa adabu, akamkaribisha chai, akamsindikiza hadi getini. Sikumlaumu. Ukimwambia mtu mwenye biashara kwamba mahali fulani kodi ni nafuu, anachosikia ni kwamba mahali hapo hapana watu.

Hoja yangu sikuitoa kwenye ramani. Niliitoa kwenye daftari la advansi. Kila mwezi, kuanzia wiki ya tatu, mafundi walikuwa wakija kwangu kuomba pesa kidogo kabla ya mshahara, na nilipouliza za nini, jibu lilikuwa nauli. Ikinyesha mvua, maombi yaliongezeka, kwa sababu matatu za Nairobi hupandisha nauli mawingu yakitanda tu. Basi nikawauliza mmoja mmoja analala wapi na anatumia ngapi kufika kazini, nikaandika. Nilidhani wengi wangekuwa wa Eastlands. Kumbe zaidi ya nusu walikuwa upande wa barabara ya Thika: Githurai, Kahawa Wendani, Kimbo, Ruiru mjini, na wengine hadi Juja. Kodi za nyumba za mjini zilikuwa zimewasukuma huko kidogo kidogo bila sisi kujua. Mtu anapanda matatu hadi katikati ya mji, kisha anapanda nyingine au anatembea kwa miguu hadi Lusaka Road na kuingia Industrial Area, anafika ameshachoka kabla ya kukaa kwenye mashine. Jioni anairudia safari hiyohiyo.

Nilimpa shangazi ile orodha bila kuongeza neno. Aliisoma hadi mwisho, akavua miwani.

"Kwa hiyo wao wameshahama," alisema. "Tumebaki mimi na wewe na mashine."

Akaitisha mkutano. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi Oktoba, baada ya kazi ya nusu siku. Mashine zilizimwa, chai na mandazi vikaletwa, watu wakakaa juu ya robota za kitambaa. Shangazi alieleza habari ya kodi, akataja Ruiru, akauliza wanaonaje. Kimya. Katika karakana nyingi nilizozijua, mwenye mali akiuliza maoni, watu husubiri kwanza kujua anataka kusikia nini.

Aliyeanza ni dada mmoja wa mashine ya ovaloki, mkaaji wa Kimbo. "Madam, mimi namlipa jirani kila mwezi anipelekee mtoto nasari, kwa sababu saa kumi na moja na nusu alfajiri niko steji. Hiyo pesa na ya nauli nikizijumlisha, ni kama nyumba ya pili ninayoilipia." Hapo midomo ikafunguka. Mwingine akasema kwao Ruiru kuna akina mama wengi wanaojua cherehani na hawana kazi, kwa sababu nauli ya mjini ingemeza mshahara wote. Shangazi alilishika hilo mara moja, nikamwona akiliandika. Kila mwaka kuanzia Desemba tulikuwa tunahangaika kutafuta mafundi wa kibarua wa msimu wa Januari, shule zinapofunguliwa.

Kisha akasimama mkataji wetu mkuu, mzee aliyemfundisha shangazi mwenyewe kupanga kitambaa kisipotee. Aliishi Makadara, akija kwa miguu. Pamoja naye walikuwako vijana wa pasi na wa kufunga mizigo, wengi wao wakitoka Mukuru, dakika chache kutoka getini.

"Hawa mnawahamishia kazi kwao," alisema. "Mimi nahamishwa kutoka kwangu. Madam, nikate kitambaa gani nikiwa kwenye matatu?"

Hakuna aliyecheka. Alikuwa na haki, na wale wanaozihubiria biashara ziende pembezoni mwa mji aghalabu hawamtaji mtu wa namna yake, anayelala karibu na kiwanda kwa sababu hawezi kulala mbali nacho. Nilijaribu kumweleza habari ya matatu tupu za asubuhi, kwamba yeye angekuwa anasafiri kinyume na foleni. Akaniambia, "Kijana, nimekusikia. Na nauli, itasafiri kinyume pia?"

Walijadiliana yeye na shangazi mbele yetu sote, bila haraka, kama watu wanaojuana miaka mingi. Mwisho walikubaliana kwamba wote wa upande wa mjini wangelipiwa nauli ya matatu mwaka mzima wa kwanza, na wasingekatwa mshahara wakichelewa, mradi wafike kabla ya saa mbili. Nilipiga hesabu palepale nyuma ya risiti: hata tukilipa nauli hizo, kodi ya godauni la Ruiru ilituachia chenji. Mzee akauliza kama kuna stima ya fezi tatu huko. Nikasema ipo. Akasema ataiamini akiiona, na wiki iliyofuata tukampeleka akaiona, akapima pia kwa hatua mahali meza yake ingekaa.

Tulihama Februari 2014, msimu wa sare ulipotulia. Kaunti zenyewe zilikuwa hazijatimiza mwaka tangu zianze kazi Machi 2013, na ile njaa aliyoisema dalali ilikuwapo kweli, ila ilikuwa na meno: kibali cha biashara, ada ya maandishi yaliyochorwa kwenye gari, ada za hiki na kile. Wafanyabiashara walikwenda mahakamani, na Aprili mwaka huohuo Mahakama Kuu ikaibatilisha Sheria ya Fedha ya 2013 ya Kiambu, kaunti iliyo na Ruiru, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo kuitunga. Maji tulinunua kwa maboza kwa muda, na barabara ya kuingia godauni ilikuwa udongo mweusi ambao, ukilowa, hauachii gurudumu.

Lakini kitambaa cha Thika kilitufikia bila kuukata mji, na shule za Murang'a na Nyeri zikawa zinachukua mizigo yao njiani. Duka letu la kuuzia sare, lililoko Biashara Street katikati ya Nairobi, hatukulifunga. Wazazi wananunua pale hadi leo. Kwenye daftari la advansi, safu ya nauli ilipungua hadi nikaiunganisha na ya matibabu. Ruiru ya sensa ya 2009 ilikuwa na watu 238,858. Ya 2019 ilihesabu 490,120. Kodi ya godauni nayo imepanda, na juzi shangazi alinituma nikaulizie ploti Juja.