Wote waliniambia Chake, mimi nikafungua Wete

Kila niliyemuuliza hapa Pemba nifungue wapi duka alinijibu Chake, yaani mji wa Chake Chake. Ami yangu anayekaa Machomanne, dada zangu, hata watu ambao hawajapata kuuza kiberiti. "Biashara Pemba ni Chake, Wete ni mji wa kulala." Leo duka langu la vifaa vya umeme na mabomba liko Wete na linakwenda vizuri, alhamdulillahi. Naandika kwa sababu bado napigiwa simu na watu wanaotaka kuanza, na wote wameshapewa jibu lile lile.

Chake ni mji, sibishi. Iko katikati ya kisiwa, mzigo ukiteremka bandari ya Mkoani kuja kaskazini lazima uipite. Uwanja wa ndege uko upande wake, Mahakama Kuu iko kwake, na Maofisa Wadhamini, wanaosimamia wizara huku Pemba, karibu wote wana ofisi huko. Mtu wa Micheweni akiwa na shida ya serikali anaondoka alfajiri, anamaliza shida yake, na vitu vya nyumbani ananunua huko huko. Lakini angalia sensa ya 2022: Mkoa wa Kaskazini Pemba, ambao makao yake ni Wete, una watu 272,091, Mkoa wa Kusini una watu 271,350. Sisi ndio tuliozidi. Nilimwonesha ami hesabu hiyo akasema sensa hainunui sinki.

Kwa heshima yake nilianza kutafuta Chake. Barabara kuu ya mjini pale ni nyembamba, imepanda mgongo wa kilima na maduka yamebanana kulia na kushoto, kwa hiyo fremu ikiachwa wazi haitangazwi, inapokezwa kwa kunong'onezana. Dalali mmoja akanionesha fremu nzuri, mlango mpana, kivuli mchana kutwa. Kodi ilikuwa ya kawaida, ila alitaka kilemba, yaani pesa ya kupewa fremu mbali na kodi, cha milioni kadhaa, zaidi ya mzigo wote niliokusudia kununua. Sikumkatalia. Nilimwambia nakwenda kushauriana na wenzangu, kisha nikazunguka nikakaa barazani kwa mzee anayeuza kahawa mkabala na fremu ile.

Fremu sikuitaja. Nilikunywa kahawa, nikala kashata, nikamuuliza mzee nyumba ile ya ghorofa kaijenga nani, maana milango yake mizuri. Mzee akafunguka. Akanitajia marehemu, wake zake wawili, watoto wa mke mkubwa na wa mke mdogo, nani yuko Mombasa, nani yuko Maskati, nani hasemezani na nani tangu siku ya hitima. Mirathi haijagawiwa mpaka leo! Nikalipa kahawa, nikaenda moja kwa moja kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa. Sheha akaniambia bila kuficha kuwa kuna kijana keshatoa kilemba cha fremu hiyo hiyo kwa mrithi mwingine, na kesi yao iko mezani kwake. Nikampigia dalali: sawa, pesa ipo, njoo na warithi wote tuandikiane mbele ya sheha. Simu yake haikupatikana tena. Kwa hiyo ukitafuta fremu, habari za nyumba usimuulize dalali. Muulize anayeuza kahawa mbele ya nyumba hiyo, halafu kamalizie kwa sheha.

Nilirudi Wete, na huko ndiko nilikopata wazo ninalojivunia mpaka leo.

Nilikwenda kukaa kituo cha gari. Gari za abiria za njia ya 606 kutoka Chake zikifika, utingo anapanda kwenye keria kuteremsha mizigo. Nikachukua daftari nikawa naandika kila kinachoshuka. Nilifanya hivyo asubuhi na alasiri, siku za kazi na siku za mapumziko, mpaka matingo wakadhani nimetumwa na watu wa kodi. Vyakula havikushuka kwa wingi, kwa sababu Wete ina soko lake na samaki wake. Nguo zilikuwa kidogo. Kilichokuwa kikishuka ni paipu zilizofungwa mafungu, roli za waya, masinki yamevikwa maboksi, vyoo vya kukalia, matangi ya maji yamekazwa kwa kamba. Mji mzima unajengwa na vifaa vyake vinapanda gari ya abiria! Kama unataka kujua mji unakosa nini, usiangalie madukani mwake. Angalia keria ya gari inayotoka mji wa jirani.

Sikuishia kuandika tu. Nilikuwa nawafuata wenyewe: "Kaka, sinki hilo umelinunua pesa ngapi, na nauli yake umelipa ngapi?" Fundi mmoja alinijibu kwa uchungu. Alikuwa ametoka Wete mpaka Chake kwa ajili ya elbo moja ya nusu inchi. Elbo yenyewe haifiki bei ya nauli, na mwenye nyumba alimkata ujira wa siku nzima. Niliandika jina lake, simu yake, na kile alichokosa. Mafundi wengine nao nikawaandika hivyo hivyo. Kabla sijapata hata mlango wa duka, wateja nilikuwa nao daftarini, na orodha ya mzigo wa kwanza ilikuwa imeshajiandika: elbo, tii, koki, soketi, swichi, tepu za kuzibia, waya. Taa za kuning'inia na vitu vya kupendeza macho nilivileta baadaye sana.

Haja hii ina sababu zake. Tangu 2010 Pemba inapata umeme wa gridi kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka upande wa Tanga. Kabla ya hapo tulitegemea majenereta, na hakuna aliyethubutu kununua pampu au friji. Majumba ya maendeleo yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 nayo mabomba yake yamechoka. Halafu kuna karafuu. ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, ikinunua kilo kwa bei nzuri na mwaka ukawa wa mavuno, pesa ile ikitoka kituo cha karafuu inakwenda kwenye bati na choo cha ndani.

Fremu ya Wete niliipata karibu na barabara inayoteremka bandarini, bila kilemba, kwa kodi ya miezi sita mbele. Leseni na mambo ya kodi kila mtu anayajua. Ila kwa wanaotafuta fremu barabarani kati ya Chake na Wete, kwenye ule mradi wa barabara mpya ya kilomita 22: ukipewa fremu kwa bei ya kushangaza, kagua kwanza ukuta kama una alama ya X, ya nyumba za kubomolewa, na uulize hifadhi ya barabara inaishia wapi.

Mzigo nao sikutaka uzunguke Mkoani. Wete ina bandari yake, na Tanga iko ng'ambo ya mkondo tu. Nilizungumza na nakhodha, mzigo ukafungwa maturubai, karatasi za forodha zikatangulia, na gharama ikashuka kwa kiasi cha kuniwezesha kuuza kwa bei ya Chake bila nauli ya mteja. Upepo wa kusi ukishika, vyombo vinachelewa, kwa hiyo jaza stoo mapema.

Walioniudhi kuliko ami ni wale waliokuwa wakiingia dukani na kuuliza, "Dada, mwenye duka yuko wapi?" Nilitundika ubao ukutani, kila elbo na koki imepigiliwa na namba yake, fundi anaonesha kwa kidole nami nampa. Baada ya muda walikuwa wakiniuliza mimi ipi inaingiana na ipi.

Sasa naambiwa barabara mpya ikikamilika watu wa Wete watakimbilia Chake kwa urahisi zaidi. Mafundi wa Chwale na Mzambarauni wameshaanza kuja kwangu, na barabara hiyo hiyo ndiyo itakayowaleta wengine.

La mkopo, maana ndilo swali ninaloulizwa sana: namkopesha fundi, simkopeshi mwenye nyumba. Fundi akidaiwa elbo, wiki ijayo atahitaji nyingine, kwa hiyo atarudi na ya kwanza atailipa. Mwenye nyumba choo chake kikishavuta maji hana tena haja nami, na ahadi yake ya "karafuu zikipimwa tu" naijibu kwa kumwambia sinki lake nalihifadhi stoo, karafuu zikipimwa aje alichukue.